Mota na gia: Siri ya mwendo wa garimoshi la mfano

KICHWA cha garimoshi cha mfano huweza kuundwa kwa ustadi wa hali ya juu, kikapakwa rangi na kuandikwa nambari zake zote, lakini kisipotembea vizuri hubaki kuwa pambo la kabatini.

Kinachokitia uhai ni vitu viwili vidogo visivyoonekana kwa nje: mota ya umeme, na gia zinazopunguza kasi ya mota hiyo kabla haijafika kwenye magurudumu.

Vitu hivyo vikichaguliwa vibaya, au vikifungwa bila kupimwa, matokeo huwa ni mtambo unaoruka kama panzi, unaopiga kelele kama kinu cha kusaga, au unaounguza mota yake mapema. Vikifungwa sawasawa, kichwa chenye uzito wa nusu kilo huondoka kituoni kwa utulivu ule ule wa mtambo wa tani 200.

Uundaji wa magarimoshi ya mfano ni uraibu ulioenea zaidi Uingereza, Ujerumani, Marekani na Japani. Hata hivyo, reli ya Afrika Mashariki nayo imewapa mafundi wa fani hii mojawapo ya mitihani yao migumu, kama makala haya yatakavyoeleza.

Kasi ndogo ndiyo kipimo

Wengi wanaoanza fani hii hudhani kwamba mota bora ni ile yenye kasi na nguvu nyingi. Dhana hiyo ndiyo chanzo cha gharama nyingi za bure.

Kuunda kichwa kinachokimbia ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuunda kile kinachotambaa, gurudumu likichukua sekunde kadhaa kuzunguka mara moja, bila kusita wala kushtuka. Mtambo halisi wa mvuke haukuwahi kuondoka kituoni kwa kuchupa, na mtazamaji hutambua kasoro hiyo mara moja hata kama hajui lolote kuhusu mitambo.

Kwa hivyo, katika fani hii msemo kwamba pole pole ndio mwendo si nasaha tu bali ni kanuni ya kiufundi. Uchaguzi wa mota, hesabu ya gia, namna ya kufunga na hata mafuta yanayotiwa, vyote hulenga shabaha hiyo moja.

Ilikotoka mota ndogo

Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha seti yake ya reli za kuchezea katika maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka wa 1891. Magarimoshi ya wakati huo yaliendeshwa kwa springi ya kutiwa ufunguo, mfano wa saa ya ukutani. Frank Hornby wa Liverpool, Uingereza, naye alianza kuuza magarimoshi ya springi mwaka wa 1920.

Umeme ulipoenea majumbani, springi zilianza kutoweka. Märklin ilitoa garimoshi dogo la umeme lililotembea kwenye reli zenye upana wa milimita 16.5 mwaka wa 1935. Hornby ilifuata mwaka wa 1938 kwa seti zilizoitwa Hornby Dublo.

Upana huo wa reli ndio unaotumika zaidi hadi leo. Uingereza mifano yake huundwa kwa kipimo cha 1 kwa 76, na mataifa mengine mengi kwa 1 kwa 87. Kipo pia kipimo kidogo zaidi cha 1 kwa 160, ambacho reli zake zina upana wa milimita 9.

Mifano mingi hutumia umeme wa volti 12 wa mkondo mnyofu, yaani umeme unaoelekea upande mmoja kama ule wa betri. Umeme hupita kwenye reli, huchukuliwa na magurudumu na kufikishwa kwenye mota. Pande za umeme zikigeuzwa, mota hugeuza mzunguko wake na garimoshi hurudi nyuma.

Aina za mota

Mota ya kawaida ina sumaku isiyosogea, na katikati yake rota yenye koili za waya zilizozungushiwa kiini cha chuma. Brashi mbili za kaboni hupitisha umeme hadi kwenye koili hizo.

Idadi ya koili ina uzito mkubwa. Mota ya koili tatu ni rahisi kutengeneza, lakini sumaku huvuta kiini chake kwa vipindi, kiasi kwamba mkono wa fundi anayeizungusha huhisi ikikwama na kuachia. Kwa kasi kubwa jambo hilo halionekani, lakini kwa kasi ndogo garimoshi huenda kwa kudunda.

Mota ya koili tano hupunguza kasoro hiyo kwa sababu mivuto inakaribiana zaidi. Iwapo nafasi za koili kwenye kiini zimekatwa kwa mshazari badala ya kunyooka, mwendo huwa laini zaidi.

Aina ya tatu ni mota isiyo na kiini cha chuma. Koili zake husukwa zikawa kikapu chepesi kinachozunguka kuizingira sumaku iliyo katikati. Ufumaji wa mshazari wa koili za namna hiyo ulibuniwa na mhandisi Mjerumani Fritz Faulhaber katikati ya karne ya 20. Kwa kuwa hakuna chuma cha kuvutwa na sumaku, mota hiyo huanza kuzunguka kwa umeme mdogo sana.

Kasoro yake ni kwamba kikapu hicho hupata joto haraka. Vidhibiti vya kizamani vinavyotuma umeme kwa mapigo mazito ili kuisukuma mota ya kawaida vinaweza kuiunguza mota isiyo na kiini, na havifai kutumiwa nayo.

Kwa miaka mingi mafundi wa Uingereza walitegemea mota za kampuni ya Mashima ya Japani. Nambari zake zilieleza ukubwa: 1424 ilikuwa na upana wa milimita 14 na urefu wa milimita 24. Utengenezaji wake ulipokoma katika miaka ya 2010, wengi walihamia mota zisizo na kiini, na vipimo vya zamani vya giaboksi vikalazimika kubadilishwa.

Wapo wanaotumia mota zilizotolewa katika printa kuukuu au vicheza CD. Mota hizo huweza kufaa, lakini nyingi zimeundwa kwa volti chache kuliko 12. Ikifungwa bila kuchunguzwa, mota ya namna hiyo huzunguka kwa kasi kupita kiasi, hupata moto na kufa.

Kazi ya gia

Mota ndogo hufanya kazi vizuri inapozunguka kwa kasi. Mizunguko 12,000 kwa dakika ni kawaida kwa mota inayovuta mzigo kwa volti 12. Magurudumu ya garimoshi la mfano, kwa upande mwingine, huhitaji mizunguko mia chache tu kwa dakika.

Gia ndizo zinazopatanisha pande hizo mbili. Zinapopunguza kasi, huongeza nguvu ya kusukuma.

Njia iliyozoeleka ni ya parafujo. Kwenye shafti ya mota hufungwa kipande chenye mkunjo kama wa parafujo, na chini yake hukaa gurudumu la meno. Kila mota inapozunguka mara moja, parafujo husogeza jino moja. Gurudumu likiwa na meno 40, basi mota itazunguka mara 40 ili gurudumu lizunguke mara moja. Huo ndio uwiano wa 40 kwa 1.

Parafujo ina tabia moja ya kukumbukwa daima: huzungusha gurudumu, lakini kwa kawaida gurudumu haliwezi kuizungusha. Umeme ukikatika ghafla, garimoshi husimama papo hapo kama lililogonga ukuta.

Ili kupunguza mshtuko huo, mafundi hufunga gurudumu dogo zito la shaba ya manjano kwenye shafti ya mota. Uzito huo huendelea kuzunguka kwa muda baada ya umeme kukatika, na hulivusha garimoshi mahali penye uchafu kwenye reli. Sharti ukae upande wa mota palipo na mizunguko mingi. Ukifungwa kwenye ekseli inayozunguka polepole, hausaidii.

Hesabu ya uwiano

Uwiano wa gia haukisiwi. Hesabu yake ni ya shule ya msingi, na huhitaji mambo matatu: kipenyo cha gurudumu, kasi inayotakiwa, na mizunguko ya mota.

Chukua kichwa cha garimoshi ambacho magurudumu yake halisi yana kipenyo cha mita 1.37. Kwa kipimo cha 1 kwa 76, gurudumu la mfano litakuwa na milimita 18, na mzingo wake takriban milimita 56.5.

Tuseme kasi ya juu inayotakiwa ni kilomita 60 kwa saa, sawa na mita 16.7 kwa sekunde. Ukigawanya kwa 76, mfano unapaswa kwenda milimita 219 kwa sekunde.

Gawanya 219 kwa 56.5. Gurudumu litazunguka karibu mara 3.9 kwa sekunde, yaani takriban mara 233 kwa dakika. Sasa gawanya 12,000 kwa 233. Jibu ni kati ya 51 na 52. Katika giaboksi zinazouzwa, uwiano ulio karibu zaidi ni 54 kwa 1.

Fundi akitumia uwiano wa 30 kwa 1 kwa mota hiyo hiyo, mtambo wake utafikia zaidi ya kilomita 100 kwa saa za kipimo, na sehemu kubwa ya kidhibiti haitatumika kamwe. Akitumia 80 kwa 1, hautavuka kilomita 39 kwa saa.

Kichwa kidogo cha kupanga mabehewa, chenye magurudumu ya milimita 14 na kasi isiyozidi kilomita 40 kwa saa, hudai uwiano wa 60 kwa 1. Kinyume chake ni vichwa vya safari za kasi kama Mallard, uliovunja rekodi ya dunia ya mitambo ya mvuke huko Uingereza mwaka wa 1938. Magurudumu yake ya mita 2.03 huwa milimita 26.7 kwenye mfano, na kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa uwiano wa karibu 29 kwa 1 hutosha.

Kwa nini gia za hatua mbili

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asiweke tu gurudumu moja la meno mengi. Kikwazo ni nafasi.

Ukubwa wa meno hupimwa kwa moduli. Kipenyo cha gurudumu la meno ni moduli yake mara idadi ya meno. Gurudumu la meno 40 lenye moduli 0.4 lina kipenyo cha milimita 16, na ncha za meno yake huongeza kipenyo hicho hadi milimita 16.8.

Likifungwa kwenye ekseli ya magurudumu ya milimita 18, litabakisha milimita 0.6 tu kutoka kwenye reli. Kokoto moja au kichwa cha msumari wa reli kitatosha kulivunja jino.

Ndiyo sababu giaboksi nyingi za kisasa zina hatua mbili. Parafujo husukuma gurudumu la meno 27, kisha gia ya meno 12 husukuma nyingine ya meno 24 iliyo kwenye ekseli. Hatua ya kwanza hutoa 27 kwa 1, ya pili 2 kwa 1, na jumla yake ni 54 kwa 1. Gia kubwa kuliko zote ina milimita 10.8, nayo hujificha kwa urahisi ndani ya fremu.

Fremu kwanza, mota baadaye

Kosa linalojitokeza mara kwa mara ni kufunga mota kwenye fremu ambayo haijanyooka, kwa matumaini kwamba nguvu ya mota itashinda ukinzani. Mota haiponyi fremu mbovu. Huficha ugonjwa tu.

Kabla ya mota kuguswa, magurudumu yote na mikono inayoyaunganisha hufungwa, kisha fremu huwekwa juu ya ubao ulioinuliwa kidogo upande mmoja. Inapaswa kuteremka yenyewe kwa uzito wake, bila kukwama popote.

Ikikwama mahali pamoja katika kila mzunguko, sababu mara nyingi ni pini za magurudumu. Kwenye kichwa cha mvuke, pini za upande wa kulia hutofautiana na za kushoto kwa robo ya duara, na tofauti hiyo sharti iwe ile ile kwenye kila ekseli. Ekseli moja ikipotoka hata kidogo, mikono huvutana.

Iwapo pini ziko sawa, chunguza umbali kati ya matundu ya mikono na umbali kati ya ekseli. Vipimo hivyo viwili havina budi kulingana. Tundu lililobana huweza kupanuliwa kidogo kwa tupa laini ya mviringo, lakini kupanua ovyo huleta mchezo usiotakiwa.

Hatua za kufunga

Kwanza, pima nafasi iliyopo ndani ya ganda la kichwa, yaani ndani ya boila, chumba cha dereva na kisanduku cha moto. Chora giaboksi na mota kwa ukubwa wao kwenye karatasi, uikate na kuijaribu ndani ya ganda kabla ya kununua chochote.

Pili, chagua ekseli itakayosukumwa. Ile iliyo chini ya kisanduku cha moto hufaa, kwa kuwa hapo pana nafasi ya kuinua giaboksi na kuilaza mota ndani ya boila.

Tatu, unganisha giaboksi peke yake. Kila beringi isafishwe, na kila shafti izunguke kwa kusukumwa na kidole.

Nne, rekebisha mkutano wa parafujo na gurudumu la meno. Zikibanana, mota itazidiwa na kupata moto. Zikiachana, kutakuwa na kelele na meno yataliwa. Mbinu inayosifiwa ni kuweka kipande cha karatasi nyembamba kati yake, kukaza skrubu za mota, kisha kuitoa karatasi hiyo. Nafasi inayobaki hutosha.

Tano, zuia shafti isisogee mbele na nyuma. Parafujo inaposukuma gurudumu, nayo husukumwa kwa kurudishwa. Shafti yenye nafasi kubwa ya kusogea huleta mlio na mtikisiko kila garimoshi linapobadili mwelekeo. Washa nyembamba huondoa kasoro hiyo.

Sita, tia giaboksi kwenye ekseli. Gia ya mwisho hukazwa kwa skrubu ndogo au gundi ya chuma, na mafuta yasiwepo mahali hapo wakati wa kugundisha.

Saba, na hili ndilo linalosahauliwa zaidi, mota isikazwe kabisa kwenye fremu. Giaboksi ikiwa imeshikwa na ekseli, na mota nayo ikashikwa na fremu kwa skrubu, tofauti yoyote ndogo kati ya sehemu hizo itapindisha shafti. Njia bora ni kuacha mota na giaboksi viwe kitu kimoja kinachoning'inia kwenye ekseli.

Hata hivyo, kikiachwa huru kabisa, kitajaribu kuzunguka ekseli badala ya kuizungusha. Huzuiwa kwa mkono mwembamba wa waya unaoingia kwenye tundu pana kidogo la fremu, au kwa kipande cha sponji. Kizuizi hicho huruhusu mtikisiko mdogo lakini hakiruhusu mzunguko.

Umeme na mfumo wa kidijitali

Gia nzuri hazina faida iwapo umeme unakatika. Magurudumu ya pande mbili hayapaswi kuunganika kwa umeme, na waya laini za shaba hugusa migongo yake ili kuchukua umeme. Magurudumu mengi yakichukua umeme, mwendo wa polepole hutulia zaidi. Waya hizo ziguse kwa wepesi, kwa maana zikikandamiza huwa breki.

Mifano mingi ya kisasa hutumia mfumo wa kidijitali, ambapo kila kichwa hubeba dikoda inayopokea amri zake yenyewe. Hapa pana hatari kwa mwenye mfano wa zamani. Katika baadhi ya mifano hiyo, brashi moja ya mota imeunganishwa moja kwa moja na fremu ya chuma. Dikoda ikifungwa hivyo, huungua mara umeme unapowashwa. Sharti brashi zote mbili zitengwe na fremu kwanza.

Rangi za waya za dikoda zimekubaliwa kimataifa. Nyekundu na nyeusi huenda kwenye reli, ilhali rangi ya machungwa na kijivu huenda kwenye mota.

Kabla ya kununua dikoda, pima umeme unaovutwa na mota inapozuiwa isizunguke kwa muda mfupi. Kiasi hicho kikizidi uwezo wa dikoda, ambao katika dikoda nyingi ndogo ni karibu ampea moja, tafuta nyingine.

Mtihani wa Garratt

Ugumu wa kazi hii hudhihirika zaidi kwenye vichwa vya aina ya Garratt. Mhandisi Mwingereza Herbert William Garratt alibuni mtambo wenye boila moja katikati na seti mbili za magurudumu, moja mbele na nyingine nyuma, kila moja ikijipinda peke yake kwenye kona.

Shirika la reli la Afrika Mashariki lilinunua vichwa 34 vya Garratt vya daraja la 59, vilivyoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock jijini Manchester kati ya 1955 na 1956. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa takriban tani 252 na urefu wa zaidi ya mita 30, na kilipewa jina la mlima. Vinahesabiwa kuwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote vilivyopata kutembea kwenye reli yenye upana wa mita moja.

Magurudumu yake ya kusukuma ndiyo yale ya mita 1.37 yaliyotumiwa katika hesabu iliyotangulia. Kwa hivyo uwiano wa 54 kwa 1 unafaa, lakini hapo ndipo urahisi unapokoma.

Reli ya mita moja kwa kipimo cha 1 kwa 76 huwa na upana wa milimita 13 tu, na wengine hutumia reli za milimita 12 kwa kuwa ndizo zinazopatikana. Nafasi inayobaki kati ya fremu ni finyu mno kwa mota. Basi mota hulazimika kukaa juu, ndani ya tangi la maji la mbele na tangi la nyuma, na giaboksi kuteremka hadi kwenye ekseli.

Mota mbili huleta swali jipya: zitakwendaje sawa? Kwa kuwa parafujo haizungushwi na magurudumu, seti yenye kasi ndogo huwa breki kwa nyenzake. Dawa ni kutumia mota mbili za aina moja na giaboksi za uwiano mmoja, kisha kuzipima kila moja peke yake kwenye urefu ule ule wa reli kwa volti zile zile.

Jambo jingine ni mwelekeo. Seti ya nyuma ya Garratt hutazama upande ulio kinyume na ile ya mbele. Waya za mota zikiungwa kwa namna moja, seti hizo zitasukumana na mtambo hautasogea. Waya za mota ya nyuma hazina budi kubadilishwa pande.

Wapo wanaopendelea mota moja kubwa ndani ya boila, ikituma nguvu mbele na nyuma kwa shafti zenye viungo vinavyojipinda. Njia hiyo huondoa tatizo la kasi mbili, lakini viungo hivyo vikiwekwa bila kunyooshwa huleta mtikisiko kwenye kona.

Uzito nao ni sehemu ya hesabu. Tani 252 kwa kipimo hicho huwa karibu gramu 580. Uzito uwekwe juu ya magurudumu yanayosukuma, na ugawanywe sawa kwa seti zote mbili. Usizidishwe hadi magurudumu yakashindwa kuteleza. Mzigo ukizidi, ni heri magurudumu yateleze kuliko mota kusimama huku ikiwa na umeme, kwa kuwa mota iliyozuiwa huungua.

Maradhi ya mitambo ya zamani

Anayefufua mfano wa zamani ataanza kwa uchunguzi. Mlio wa kugonga unaojirudia katika kila mzunguko wa gurudumu huashiria gia ya plastiki iliyopasuka. Gia hizo hubanwa kwenye ekseli za chuma, na baada ya miaka mingi hupasuka kati ya meno mawili. Gundi haiponyi ufa huo. Gia mpya ndiyo tiba.

Fremu nazo huweza kuoza. Baadhi ya fremu zilizotengenezwa kwa kumimina aloi ya zinki kwenye kalibu zilichanganyika na risasi kidogo. Uchafu huo hufanya chuma kivimbe, kipinde na hatimaye kusambaratika. Kufunga mota mpya kwenye fremu ya namna hiyo ni kupoteza fedha.

Mota iliyopoteza nguvu huku ikipata moto huenda sumaku yake imedhoofika au brashi zimekwisha. Brashi hubadilishwa kwa urahisi. Sumaku dhaifu mara nyingi humaanisha mota mpya.

Mafuta na siku za mwanzo

Mtambo ukishafungwa, uachwe utembee bila mabehewa kwa kasi ya wastani, nusu saa kuelekea mbele na nusu saa kurudi nyuma. Meno ya gia hujilainisha kwa kusuguana, na kasoro ndogo za kufunga hujitokeza kabla hazijaleta hasara.

Mafuta yawe kidogo. Tone moja linalobebwa kwa ncha ya sindano hutosha kila beringi, na grisi nyepesi isiyodhuru plastiki hutosha gia. Mafuta yakifika kwenye brashi huchanganyika na unga wa kaboni, na uchafu huo hupitisha umeme usikotakiwa.

Jaribio la mwisho halihitaji kifaa chochote. Punguza umeme hadi kichwa kinapokaribia kusimama, kisha hesabu sekunde zinazopita gurudumu likizunguka mara moja. Kikiendelea kutambaa bila kusita, kazi imekamilika.

Kati ya vichwa 34 vya daraja la 59, viwili tu ndivyo vilivyohifadhiwa, Mount Gelai na Mount Shengena, na vyote viko katika Makavazi ya Reli jijini Nairobi. Vingine vilikatwakatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Picha huonyesha sura yake, lakini namna seti mbili za magurudumu zilivyozunguka chini ya boila moja, kila moja kwa mwendo wake, huonekana tu pale ambapo fundi amepiga hesabu yake ya gia sawasawa.